Boyie hakuhitaji suti ya chuma

Kimya changu kimetokana na kazi ya mteja mmoja hapa Machakos mjini. Leo siandiki kuhusu programu. Leo nina hasira.

Wikiendi iliyopita nilimaliza Ironheart, tamthilia ya Marvel ya vipindi sita iliyotoka Disney+ Juni 2025. (Niliipata wapi? Jamaa wa duka la movie alinijazia kwa flash. Ilipotoka, Disney+ haikuwa ikiuzwa Kenya, kwa hivyo msinihubirie.) Riri Williams, msichana wa Chicago, anafukuzwa MIT na kurudi nyumbani na suti ya chuma aliyojiundia. Nimeipenda, sikatai. Ni nadra fundi kuwa shujaa. Kilichoniudhi ni maneno ya rafiki niliyeitazama naye: eti sisi Wakenya hatuwezi, hatuna pesa za grafiki.

Uongo mtupu!

Mwaka 2010 lilitoka jarida la vibonzo la Sheng liitwalo Shujaaz. Lilikuwa la bure, ndani ya Saturday Nation na kwa mawakala wa M-Pesa. Nilikuwa shule ya msingi, na nakala moja tuliigombania mpaka ikachanika. Mwaka 2012 lilishinda International Emmy. Humo kuna Boyie, kijana aliyemaliza sekondari, hana kazi, ameunda kituo cha redio chumbani na anateka mawimbi ya FM. Yeye ni nani hasa, hiyo ni siri. Tofauti yake na Superman ni nini, miwani?

Sasa niambie, hapo grafiki za mamilioni ni za nini? Unahitaji chumba kimoja, nyaya, antena juu ya bati na mwigizaji mwenye ulimi. Hatari yenyewe ipo tayari. Kurusha matangazo bila leseni ni kosa, na mtambo unaorusha hauwezi kujificha: wakaguzi wanapima mwelekeo wa mawimbi kutoka sehemu mbili au tatu, mistari ikikutana, ndipo ulipo. Kila dakika Boyie anayokaa hewani inawasogeza karibu na mlango wake. Mimi ningetazama hiyo hadi saa nane za usiku.

Na msiniambie haijajaribiwa. Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018, ni ya mtoto mgonjwa anayetamani kuwa shujaa, na kijiji kizima kinaigiza ili aamini ana nguvu. Hakuna anayepaa kwa kompyuta, na watu walilia.

Sisi wa Machakos ndio wenye aibu zaidi. Wakati wa Gavana Alfred Mutua tuliimbiwa Machawood, mji wa filamu. Jina nalikumbuka; tamthilia ya shujaa iliyotoka humo sina ya kukutajia. Na tuna Kyamwilu hapo, ambapo gari bila gia linaonekana kupanda mlima lenyewe! Marvel wangekuwa na kitu kama hicho wangeshatoa misimu mitatu.

Basi nimeanza kuandika kipindi cha kwanza. Si Boyie, huyo ana wenyewe. Wangu ni binti wa Mlolongo anayetengeneza simu. Mtambo wa kuigiza nitauunda mwenyewe, usiorusha chochote. Kamera ndiyo sina.