Hata Mchezoni, Abiria ni Amana

Wako wanaodhani kwamba adabu haina kazi katika michezo ya vita ya kompyuta, ambamo vijana wa nchi mbalimbali hukutana kwa intaneti. Mimi sikubaliani nao. Utazame mchezo wa Arma 3, uliotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki. Humo mchezaji mmoja hurusha helikopta, na wenziwe hukaa nyuma kama abiria. Rubani akiamua kujirusha nje, chombo huanguka na waliobaki. Mchezo wenyewe haumzuii. Linalomzuia ni haya yake tu.

Ndiyo maana nasema abiria ni amana. Rubani mwema hungoja wote wapande, huwaambia aendako, na hutua sawasawa kabla ya kuwashusha. Abiria naye ana wajibu wake: asinyang'anye kiti cha rubani, wala asipige kelele za kumwongoza. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mtaniambia, "Huo ni mchezo tu, anayekufa hurudi tena." Naam, hurudi, lakini mara nyingi hurudi mbali na wenziwe, na ikambidi aanze safari upya. Roho ya mchezoni hurudi. Wakati wa mtu haurudi. Na mwenye kuzoea khiyana pasipo na adhabu, uaminifu atajifunzia wapi?

Basi chezeni, vijana, lakini aliyepanda chomboni mwako mfikishe.