Wekeni Otomatiki kwa 504 ya Babu, Kelele Baadaye

Wacha niseme mapema ndio mwenye kukasirika akasirike vizuri: kuweka giaboksi ya otomatiki kwa Peugeot 504 si dhambi. Dhambi ni kuiacha chini ya mwembe hadi kuku watage kwa kiti cha nyuma, halafu unaita hiyo "kuhifadhi historia."

Ukizunguka Ukambani, kutoka Kilungu hadi Mutomo, utapata 504 imelala kwa boma la mtu. Hizi gari ziliunganishwa hapa Kenya hadi miaka ya 2000. Zimebeba walimu, simiti, mbuzi wa soko, maharusi na maiti, wakati mwingine wikendi moja. Leo zimelala kwa sababu mwenyewe goti limekataa klachi, na wajukuu wana leseni ya B1, ile ya gari ndogo za otomatiki pekee. Boma lina gari na halina dereva.

Hapo sasa ndio wazee wa klachi wanaingia. "Unaharibu orijino! Hiyo gari ilishinda Safari Rally!" Ni kweli ilishinda, 1975 na Ove Andersson, 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Lakini babu yako si Ove Andersson, na anapoenda sokoni Tawa hakuna mtu anashika saa. Na hiyo orijino mnayoililia, Peugeot wenyewe waliuza 504 ya otomatiki, gia tatu, kazi ya ZF ya Ujerumani. Kwa hivyo mnatetea nini haswa?

Mimi niwaambie kitu. Wengine wanaopiga kelele ndio wale wale wanakuja kutoka Nairobi wikendi, wanaingia boma baada ya boma wakiuliza "hii mnauza?" Wanataka gari ikae vile ilivyo, isiguswe, hadi familia ichoke nayo na iwape kwa bei ya vyuma chakavu. Mwaka ujao inang'aa kwa maonyesho, na jina la mzee aliyeitunza miaka thelathini halitajwi popote.

Tuongee kazi yenyewe. Iliyonishawishi mimi ni otomatiki ya 505. 505 ilikuja 1979 na huko chini ilirithi mengi ya 504, hata umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma unakaribiana sana. 505 za baadaye zilipata ZF ya gia nne, 4HP22. Gia yake ya nne ni 0.73. Maana yake, pale ambapo giaboksi ya zamani ya gia nne ingefanya injini izunguke mara 3,000 kwa dakika, hii inazunguka karibu 2,200, gari ikienda mwendo ule ule. Toka Emali hadi Makindu hivyo, halafu uniambie kama masikio yako hayajashukuru.

Babu yangu, mwalimu mstaafu wa huko Mbooni, goti la kushoto limeisha. Susu ana presha na sukari, na kliniki yake iko Wote. Kabla hatujabadilisha giaboksi, susu akizidiwa usiku ilikuwa ni kutafuta boda, mama wa miaka sabini na kitu kwenye pikipiki, mteremko wote ule, giza. Siku hizi babu anaweka D, mguu wa kushoto unapumzika, wanaenda. Sasa wewe niambie nimwendee huyo mzee nimwambie giaboksi yake si halali kwa sababu jamaa fulani hajafurahi. Niliacha chuo mwaka wa pili lakini hiyo hesabu naiweza.

Ila wasee, kuna kuweka na kuna kuchinja gari. Fundi akianza na grainda, mfukuze. 504 ya saluni haina chesisi ya kando, bodi ndiyo chesisi, ukikata sakafu umekata uti wa mgongo. Halafu propela yake iko ndani ya mrija wa chuma ulioshikana na giaboksi mbele na difu nyuma. Giaboksi ikibadilika urefu hata kidogo, hayo yote yanabadilika. Ndio maana ile otomatiki ya Toyota unayouziwa bei rahisi Kirinyaga Road itakugharimu mara mbili kwa welda. Pima kwanza, na ukipata 505 ya kutoa spea, chukua vyote vinavyoandamana na giaboksi, hadi bolti.

Pia weka rejeta ndogo ya kupoza mafuta ya giaboksi. Usiniambie utaweka baadaye. Kupanda Mbooni kuelekea Kikima na gari imejaa, au kuvuka kutoka Ikutha hadi Kibwezi saa nane mchana, mafuta yakichemka giaboksi imeenda. Ukiteremka, shusha mkono wa gia hadi 2 ili injini isaidie breki.

Na hapa nawapa wazee wa klachi haki yao: hii gari haisukumwi ikawaka. Betri ikifa huko Mutomo, vijana kumi na turnboi hawatakusaidia, nunua betri nzuri na utembee na waya za kuchajia. Ikikwama, isivutwe kwa kamba magurudumu ya nyuma yakiwa chini, kwa sababu injini ikiwa imezima hakuna kitu kinapampu mafuta ndani ya giaboksi. Inabebwa.

Giaboksi ya zamani usiuze hata ukipewa pesa gani. Ya babu iko stoo, imepakwa grisi, imefungwa kwa gunia, pedali ya klachi na bolti ziko kwa debe kando yake. Mjukuu atakayetaka kuirudisha atapata kila kitu hapo.