Betri za Majirani Ziunganishwe

Yafaa serikali itafakari upya jinsi umeme wa jua unavyohifadhiwa. Jua huwaka vikali adhuhuri, ilhali mahitaji ya umeme nchini hufikia kilele jioni. Pengo hilo huzibwa na betri.

Sheria ya Kawi ya 2019 ilimruhusu mwananchi kuuingiza umeme wake wa ziada katika gridi ya taifa. Hatua hiyo naiunga mkono. Hata hivyo, kwa mujibu wa kanuni za 2024, kila yuniti anayoitoa humrudishia nusu tu. Mwenye uwezo basi huona heri anunue betri ajitenge, naye jirani asiye na paneli huachiwa mzigo wa kugharimia nyaya na nguzo.

Nchini Italia, amri iliyoanza kutumika Januari 2024 huwatuza majirani wa kituo kimoja cha umeme kwa kila yuniti inayozalishwa na kutumiwa baina yao katika saa ile ile. Betri ya mmoja ikitoa umeme jioni, wote hufaidika.

Najua betri ni ghali na huchakaa. Hiyo ndiyo sababu ya kuinunua kwa pamoja, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Wakulima wetu wameuza kahawa na maziwa kupitia vyama vya ushirika kwa miaka mingi. Naisihi Wizara ya Kawi itunge kanuni zitakazoviruhusu vyama hivyo kuhifadhi na kugawana umeme, kabla giza halijawa la maskini peke yao.