Pumzi Hii Yapimwa kwa Mizani ya Nani?

Mkata miwa wa Ekero, magharibi mwa Kenya, alimaliza miezi sita ya dawa za TB. Makohozi yakapimwa, yakawa safi, akaambiwa amepona. Lakini kila alfajiri, kabla hajashika panga, huinama nyuma ya nyumba akitoa kohozi zito la kijani. Nilikuwapo alipopuliza spirometa, chombo cha kupimia pumzi: kibano puani, midomo imebana mrija, mhudumu akimhimiza, "Toa! Toa! Bado, usiache!" hadi sekunde sita zikaisha. Jibu: juu kidogo ya asilimia 80 ya kiwango kinachotarajiwa. Kawaida. Akarudi shambani.

Kinachotarajiwa na nani? Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kanuni za kimataifa za 2012 za kukadiria pumzi zina kundi la Weusi lililojengwa kwa vipimo vya Wamarekani Weusi, na kundi hilo hutarajiwa kupuliza pungufu ya Wazungu kwa zaidi ya asilimia 10. Upungufu unaoweza kuletwa na umaskini, moshi na maradhi umegeuzwa kuwa maumbile. Wazo hilo ni kongwe. John Hutchinson alitangaza spirometa London mwaka 1846. Haukupita muda, Samuel Cartwright wa Marekani akaitumia kudai kwamba mapafu ya watumwa ni dhaifu kwa asili. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa kifua cha Marekani, ATS, kilishauri itumike kanuni moja isiyouliza rangi. Kwa kanuni hiyo, pumzi ileile ya mkata miwa wetu inashuka chini ya 80, na daktari ana sababu ya kuchunguza kama njia zake za hewa zimetanuka na kuharibika.

Namba nzuri yaweza kuficha mapafu mabovu; ndiyo maana makala kuu ya toleo hili inahusu watu wazima wenye sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu. Wanaowatibu wameona FEV1, yaani hewa inayotolewa katika sekunde ya kwanza ya kupuliza, ikibaki nzuri huku picha ya CT ikionyesha uharibifu, wakaongeza kipimo cha jinsi gesi inavyosafishika mapafuni. Funzo hilo ni letu pia. Wala tusiseme ugonjwa wenyewe si wa Waafrika: kipimo cha jeni kinachotafuta tu badiliko la F508del, lililoenea kwa Wazungu, hulikosa lile la 3120+1G>A, linaloongoza miongoni mwa wagonjwa Weusi wa Afrika Kusini.



Ombi langu ni hili: faili la TB lisifungwe kabla mgonjwa hajapuliza, na kila jibu litaje kanuni iliyotumika. Namba ikisema mzima na kifua kikakataa, tukisikilize kifua.