Mkebe Ni wa Kunywa Peke Yako

Kitale hadi Bungoma, ubishi huu hauishi: bia ya chupa na ya mkebe, gani tamu? Wa chupa anaapa kwamba mkebe unaacha ladha ya bati ulimini. Wa mkebe anamwambia aache ushamba. Mimi ni wa chupa, lakini wasee wa upande wangu wanaitetea kwa sababu mbaya.

Tuanze na hilo bati. Mkebe wa bia ni wa alumini, na ndani umepakwa utando mwembamba ili bia isiguse chuma. Unachoonja ni ukingo uliowekea mdomo, tena pua yako iko hapo hapo. Hebu mimina zote mbili kwenye glasi, funga macho, kisha uniambie ipi ni ipi. Isitoshe, mkebe hauingizi mwanga hata kidogo. Bia ikipigwa na jua, kemikali za hopsi hubadilika na kinywaji kinaanza kunuka kama kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, si wote.

Kama ni ladha tu, basi swali la weita, "Baridi ama moto?", lina uzito zaidi. Baridi kali inautia ulimi ganzi. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na jioni zake zinajulikana. Usimcheke mzee anayeagiza ya moto.

Sasa kwa nini chupa? Kwa sababu chupa ina kwao. Mwenye baa ameilipia depoziti pamoja na kreti, kwa hivyo hakuachilii utoke nayo. Lazima uketi. Na kwenye baa nyingi za mtaani tupu zinabaki mezani hadi bili ije. Kila mtu anaona umefika ya ngapi, hata wewe mwenyewe.

Huku Bungoma pombe haikuanza na chupa. Wabukusu wamekunywa busaa kutoka chungu kimoja, wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, maji ya moto yakiongezwa taratibu. Hakuna anayebeba chungu akajifiche nacho. Ukivuta kwa pupa, wenzako wanakuona. Chupa ilituondolea chungu lakini ikatuachia meza. Hata Senator Keg, iliyoingia sokoni 2004, unainywa palepale inapomiminwa.

Mkebe umetuondolea meza pia. Unaununua supamaketi pamoja na mkate, unaufungua ndani ya gari ama chumbani mlango ukiwa umefungwa, kisha unaufinya na kuutupa. Asubuhi hakuna hesabu. Mtaniambia walevi wa chupa nao wanapigana na kulala mtaroni. Ni kweli, na mtaa mzima unajua, kwa hivyo kuna wa kuwapeleka nyumbani. Anayekunywa peke yake kila usiku tunamgundua akiwa ameshapoteza kazi, na sote tunajifanya kushangaa.

Hiyo ndiyo kesi yangu, na haihusu ulimi. Agiza chupa, omba glasi, halafu keti karibu na mtu anayeweza kukuambia, "Boss, leo imetosha."