Kambi ya Kuogelea: Binti Mmemhoji, Kijana Je?



Ndugu zangu, wiki hii nimepokea ujumbe wa sauti, mrefu, kutoka kwa dada yetu mmoja mzaliwa wa hapa Unguja anayeishi Columbus, Ohio, huko Marekani. Nimemuomba ruhusa nimjibu hapa hadharani bila ya kumtaja, kwa sababu najua wengi mlioko huko jambo hili limo majumbani mwenu. Mmeshaniuliza kwa ufupi, "Sheikh, burkini inafaa?" nami nikajibu kwa ufupi. Leo nitajibu kwa urefu. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujaandika maoni.

Ana watoto wawili, kijana wa miaka 13 na binti wa miaka 11. Wote wawili wanajua kuogelea. Binti alijifunza kwenye bwawa la mtaani kwao, katika saa za wanawake, akiwa na nguo ya stara, na mama anasema kwa sauti ya kujizuia kwamba binti ndiye hodari zaidi. Sasa majira ya joto yanakuja, na makocha wa timu ya chuo kikuu kimoja wamefungua kambi ya wiki moja. Baba amemlipia kijana, na kulala bwenini juu yake. Binti ameambiwa hapana, dini hairuhusu. Tangu siku hiyo hajakwenda tena bwawani, na amemuuliza mama yake suali ambalo mama ameshindwa kulijibu: "Dini ya kaka ni nyengine?"

Wallahi suali hili limenikosesha usingizi.

Sina ugomvi na baba. Amemuonea haya binti yake, na haya ni katika imani. Ninachomuuliza ni hiki tu: kwa nini haya hiyo imeishia kwa binti?

Kwanza tujue tunazungumzia nini, maana wengi wanadhani kambi hizi ni mahali pa kumpeleka mtoto asiyejua kuogelea. Sivyo. Nyingi ni za watoto ambao tayari wanaogelea, khasa wale walio katika vilabu vya mashindano. Wanaingia majini mara mbili au zaidi kwa siku. Wanapigwa picha za video chini ya maji, kocha anawaonesha mkono unapoingia vibaya, namna ya kuruka mwanzo na namna ya kugeuka ukutani. Wanaolala wanalala kwenye mabweni ya wanafunzi na kula katika bwalo la chuo. Wapo pia wanaokuja asubuhi na kurudi kwao jioni. Nalo neno hili baba alijue: kambi nyingi za aina hii ni biashara ya kocha mwenyewe, chuo kinakodisha bwawa na mabweni tu. Na kwa kanuni za michezo ya vyuo vya Marekani, kambi za makocha wa vyuo lazima ziwe wazi kwa kila mtoto, ila kwa mipaka ya idadi, umri, darasa au jinsia. Kwa hivyo ile barua ya "unaalikwa" isikupumbaze ukadhani mwanao ameteuliwa na ufadhili wa masomo uko njiani. Wiki moja yenye malazi inafika karibu na dola 1,000, pengine zaidi. Ni pesa nyingi kuzitoa kabla ya kuuliza masuali.

Haya, tuanze na kijana, maana yeye hakuna aliyemhoji.

Uchi wa mwanamume, kwa kauli ya jamhuri ya wanavyuoni, ni baina ya kitovu na magoti. Kijana wa miaka 13 yuko mlangoni mwa baleghe, pengine ameshaingia. Atavaa nini? Ile chupi ndogo ya waogeleaji inaacha mapaja yote wazi, na baba atamsindikiza nayo huku akimwambia binti kwamba dini hairuhusu! Hali ya kuwa ufumbuzi upo dukani. Zipo suruali fupi za kuogelea zinazofika gotini. Tena ajabu ni kwamba kanuni za mashindano ya dunia tangu 2010 zinataka nguo ya mwanamume isipande juu ya kitovu wala isishuke chini ya goti. Yaani mpaka waliouweka wao kuwa ndio mwisho wa nguo ndio huo tuliowekewa sisi kuwa ndio mwanzo wa stara. Aivute juu vizuri, na kwa kuwa inabana avae nyengine pana juu yake. Kambini si mashindanoni, hakuna mwamuzi wa kumtoa.

Chumba cha kubadilishia nguo ni mtihani mkubwa kuliko bwawa. Viko vyumba, khasa vya zamani, ambavyo mabomba ya kuogea hayana pazia na wavulana wanaoga uchi wa mnyama mbele ya wenzao. Mmemfundisha afanye nini? Ajifunge taulo, abadilishe ndani yake, akaoge bwenini kwenye mlango unaofungwa. Na akiamka ameota, je, anajua kuoga janaba? Baba nyingi zinaona haya kulisema hili, halafu zinamtuma mtoto akalale siku tano kwa watu.

Na macho. Katika Suratun-Nur amri ya kuinamisha macho imeanza kwa wanaume, aya ya 30, kabla ya kuwafikia wanawake katika aya ya 31. Bwawani pale kutakuwa na wasichana waliovaa vile wanavyovaa. Tukisema mchanganyiko ndio uliomkatalia binti, basi mchanganyiko huo huo kaka yake anauendea, na ameshalipiwa.

Tuje kwenye sala, na hapa nina habari njema. Mwezi wa sita Columbus, Adhuhuri inaingia kama saa saba na nusu mchana, wakati kambi nyingi ziko kwenye chakula na mapumziko. Alasiri inaingia karibu saa kumi na moja na nusu, na jua halizami mpaka saa tatu usiku. Nafasi ipo tele. Penye tabu ni Isha, ambayo inapita saa nne na nusu usiku, taa za bwenini zimeshazimwa, na Alfajiri, maana jua linachomoza mnamo saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto apewe saa yenye kengele, na msimamizi wa bweni aambiwe mapema kwamba huyu ataamka, asidhaniwe mtoro. Kuhusu kupunguza na kujumuisha, katika madhehebu yetu ya Shafi atakayenuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya msafiri inamuondokea. Kambi ya Jumapili hadi Alkhamisi ina siku tatu kamili, basi akiwa amesafiri masafa yanayotakiwa anabaki msafiri. Ikiwa ni Jumapili hadi Ijumaa, ni nne. Tofauti ya siku moja inabadilisha sala yake, na sijui baba wangapi wamelipiga hesabu hili kabla ya kulipa.

Chakula nitapita haraka: fomu ina mahali pa kuandika asivyokula mtoto. Andika nguruwe, andika nyama isiyo halali, kisha piga simu uhakikishe.

Sasa binti. Sisemi kwamba wako sawa katika kila hukumu. Stara yake ni pana zaidi, na akiwa amefikwa na hedhi ameshabaleghe hata kama ana miaka 11. Kambi ya mchanganyiko, yenye kulala, chini ya makocha wanaume, mimi siiridhii kwake. Lakini hukumu hiyo haikuyaharamisha maji. Nguo pana ya kufunika mwili mzima ipo, na joho la kujitupia anapotoka, maana nguo ikilowa inagandamana. Msimwambie kwamba kanuni zinakataza, kwani zile za mashindano hazimfungi mtu anayejifunza. Kwetu Nungwi wasichana wanafundishwa kuogelea na walimu wanawake wakiwa wamejifunika mwili mzima, na hakuna aliyetoka katika dini kwa hilo.

Na nawasihi msilichukulie hili kama mchezo wa watoto wa Ulaya. Mnasambaza sana ule usemi wa kuwafundisha watoto kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi mkisema ni hadithi ya Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam. Kumnasibishia yeye ni dhaifu, unaojulikana ni wa Sayyidna Umar, Allah amridhie. Iliyo bora ni ile ya Jabir bin Abdillah katika Sunan al-Kubra ya Nasai, ambayo ndani yake kujifunza kuogelea kumehesabiwa miongoni mwa mambo manne yasiyokuwa upuuzi. Hapa kwetu, mama zetu wa mwani wanaingia baharini kila maji yakitoka, na wengi wao hawajui kuogelea. Spice Islander ilizama Septemba 2011, Skagit Julai 2012. Kila nyumba hapa ina jina la kulitaja. Na huko Marekani mliko, kuzama ndiko kunakoua watoto wa mwaka mmoja hadi minne kuliko sababu nyengine yoyote. Binti anayeogelea leo ndiye mama atakayemrukia mwanawe kesho.

Dada yangu, rai yangu ni hii, nami si mufti. Kijana abadilishiwe, awe wa kwenda na kurudi. Kama kambi haikubali au ni mbali, baba akakodi chumba karibu. Kama hawezi, basi mwaka huu asilale. Binti tafutieni kocha mwanamke katika saa za wanawake, kwa wiki hiyo hiyo, na pesa zilizookolewa kwenye malazi zilipe ada yake. Pia muulizeni kocha wa kambi hiyo: wasimamizi wa usiku ni nani? Je, wanafuata ile kanuni ya kulinda watoto wanamichezo, kwamba mtu mzima asikae na mtoto peke yao mahali pasipoonekana wala kuingilika? Sheria ya kuwalinda watoto hawa ilipitishwa huko mwaka 2018 baada ya misiba mizito, na waliodhurika walikuwemo pia wavulana.

Suali la binti baba alijibu mwenyewe, asikuachie wewe. Amkalishe na kaka yake pale pale, awasomee masharti ya kila mmoja, na aanze na ya kaka.

Wallahu aalam. Nijulisheni walivyoafikiana.