Nani Atamkagua Mpaji?

Wakubwa wengi husema: «Serikali ina haki ya kukisaidia kiwanda ikipendacho. Feza ni yake, kiwanda ni cha nchi yake. Wengine yawahusu nini?» Maneno hayo yapendeza masikioni, lakini si ya kweli.

Kwanza, feza hiyo si ya serikali. Ni kodi ya mkulima, ya mwalimu, ya mama auzaye samaki sokoni. Pili, nchi zikifungua mipaka ili kufanya soko moja, msaada unaopewa kampuni moja huwaumiza wengine wote. Fundi wa ng'ambo ya mpaka hashindani tena na fundi mwenzake. Ashindana na hazina ya serikali nzima. Atashindwa, hata kazi yake ikiwa nzuri zaidi.

Ndiyo sababu nchi sita za Ulaya, zilipotia sahihi Mkataba wa Roma mwaka 1957, zilikataza ruzuku zenye kuharibu ushindani kati yao. Hazikukataza zote: kuwasaidia watu waliopatwa na msiba wa asili kuliruhusiwa tangu mwanzo. Lakini hazikuiachia kila serikali ijihukumu yenyewe. Ziliweka Tume iangalie.

Na nchi itakayo kuingia katika umoja ule yadaiwa iwe na mkaguzi wake mapema. Tutazame Serbia. Mwaka 2008 ilitia sahihi mapatano na Umoja wa Ulaya, ikaahidi kuweka chombo cha kukagua ruzuku, chenye uhuru katika kazi yake. Mwaka 2009 sheria ikatungwa, kisha tume ikawekwa. Lakini ni nani walioketi humo? Wengi wao walipendekezwa na wizara, mwenyekiti akipendekezwa na wizara ya feza, na serikali ndiyo iliyowateua. Yaani mpaji alijichagulia mkaguzi wake! Wazee walisema kweli: kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Je, mtu wa wizara atamwambia waziri wake, «Umekosa, feza irudi»?

Wala mambo hayakuwa madogo. Mwaka 2012 serikali ya Serbia ilikinunua kiwanda cha chuma cha Smederevo kutoka kampuni ya U.S. Steel kwa dola 1 tu. Bei ilikuwa ndogo kwa kuwa mzigo ulikuwa mkubwa: maelfu ya wafanyakazi, na hasara juu yake. Serikali ikaubeba mpaka mwaka 2016, kampuni ya Kichina iliponunua kiwanda kwa euro milioni 46. Hatudharau mkate wa wafanyakazi wale. Twasema tu kwamba swali la mzigo gani ubebwe, na mpaka lini, lataka jibu la mtu asiye mtumishi wa mbebaji. Ilipita miaka kumi kabla ya sheria mpya ya mwaka 2019 kuitoa tume mikononi mwa wizara, itoe hesabu ya kazi yake mbele ya Bunge.

Wengine watatushtaki: «Mwataka kuuza uhuru wa nchi!» Twajibu: tazameni Ayalandi. Mwaka 2016 Tume ya Ulaya iliamua kwamba Ayalandi iliipunguzia kampuni ya Apple kodi pasipo haki, na kwamba Apple iilipe Ayalandi mpaka euro bilioni 13. Serikali ya Ayalandi yenyewe ikakataa, ikaenda mahakamani! Mwaka 2020 ilishinda, lakini tarehe 10 Septemba 2024 mahakama ya juu ya Umoja iliamua kwa mara ya mwisho kwamba Tume ina haki. Nani aliyefaidika? Raia wa Ayalandi. Serikali yao ilikuwa tayari kuiacha mali yao. Mkaguzi asiyeiogopa akaidai. Basi uhuru wa wakubwa si daima uhuru wa watu.

Haya yatuhusu sisi pia. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Jumuiya hiyo, iliyotiwa sahihi mwaka 2004, yaitaka nchi itoayo ruzuku yenye kuharibu ushindani iwaarifu wenzake kwa maandishi. Neno jema. Lakini nani ataandika barua hiyo? Mpaji mwenyewe! Mwizi hajipeleki polisi, na waziri hapendi kujishtaki.

Basi twadai mambo manne. Mkaguzi asiteuliwe na mgawaji wa ruzuku. Asifukuzwe kwa kusema kweli. Apewe makarani na feza za kutosha, maana mwenye njaa hana uhuru. Na hukumu zake zichapwe, kila mlipa kodi azisome. Yakikosekana hayo, tusiiite tume. Tuiite kwa jina lake: muhuri wa waziri.